Gari la Zimamoto Mwaka wa Kiu

Tumemzika Ntandu mwezi uliopita, nyumbani kwao Issuna. Kijana mmoja wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu kutoka kwenye simu, akiinua na kushusha mkono kutafuta kivuli ili aone maandishi, na alipofika kwenye habari za kazi alisoma kwamba marehemu aliwahi kuwa mtumishi wa mji wa Singida, kisha akarudi kijijini kulima alizeti na kufuga. Basi. Akaendelea na watoto na wajukuu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, ubavuni mwa Mama Salome, ambaye sasa ni bibi wa kutembelea fimbo, na ambaye alikuwa amepanda gari kutoka mjini asubuhi ile bila kuitwa na mtu. Alilia mpaka ndugu wa marehemu wakageuka kumtazama. Mama mmoja aliyekuwa akigawa chai aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, “Huyu bibi ni nani kwa marehemu?” Nikamwambia tulifanya kazi pamoja. Akaitikia kwa kichwa, akamjazia Mama Salome kikombe, akapita. Lilikuwa jibu la kweli lakini halikufika hata robo ya habari yenyewe, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiamka na mwaka ule kichwani, mwaka wangu wa kwanza kazini, kama vile kuna mtu bado anasubiri nimjibu.

Nilifika Singida mjini kutoka Misigiri nikiwa na miaka ishirini na sanduku la bati, nimeajiriwa na mji kuwa askari wa zimamoto. Nilikuwa mwanamke peke yangu, na hawakuwa wamejiandaa. Kituo kilikuwa ghala la zamani la mazao, kuta za matofali na paa la bati, lenye milango miwili mipana mbele. Wanaume walilala chumba cha kushoto. Mimi nilipewa stoo ya mipira ya maji. Ntandu, aliyekuwa mkuu wa kituo, aliitoa mipira mibovu kwa mikono yake, akaiacha mizima ukutani kwa sababu haikuwa na pengine pa kuwekwa, nami nikalala mwaka mzima chini ya mizunguko ile mizito ya turubai, iliyokuwa ikinuka mpira na unyevu wa siku nyingi. Kati ya stoo yangu na chumba alichofanyia kazi kulikuwa na mbao tu, zimepigiliwa misumari bila kubanana, kwa hiyo mengi niliyoyajua mwaka ule niliyasikia bila kukusudia, nikiwa nimejilaza mchana baada ya zamu. Ntandu alikuwa na umri wa kama miaka arobaini, mwembamba, mpole wa kauli, anayefunga kifungo cha shingo hata jua likiwa kali. Akitaka kukukaripia alianza kwa kukuuliza kama umekula. Ukisikia, “Hawa, umekula?” ujue kuna mahali umekosea.

Gari lilikuwa limenitangulia kufika kwa wiki chache. Lilikuwa la kikosi cha jiji, Dar es Salaam. Lilifanya kazi huko tangu kabla sijazaliwa, likastaafishwa, likakaa uani, halafu mtu huko juu akakumbuka kwamba Singida haina gari la zimamoto kabisa na kwamba kizee kile kingeweza kutufaa. Lilikuwa jekundu, refu, pua yake imetangulia mbele, taa mbili za mviringo zimetokeza kama macho ya kondoo, ngazi ya mbao mgongoni, na kengele ya shaba pembeni mwa mlango, ya kuvuta kwa kamba. King'ora kilikuwa kimekufa zamani. Ubavuni, chini ya rangi mpya, mwanga wa asubuhi ukililalia ungeweza kulisoma jina la jiji kwa herufi zilizokuwa za dhahabu. Miezi ya baridi, upepo wa Singida ukivuma tangu alfajiri, tuliliwasha kwa hendeli, wanaume wawili wakipokezana kuzungusha, na likishika moto lilitetemesha mabati ya paa.

Dereva alikuja nalo. Mzee Msengi alikuwa wa kwetu Iramba, ingawa maisha yake ya kazi yote alikuwa ameyapitishia Dar, na aliposikia gari lake linapelekwa Singida aliomba uhamisho alifuate. Wakati wa chakula alitusimulia magari ya jiji yalivyokuwa yamepangwa mstari mmoja, pua nje, na kila Jumamosi kila dereva anang'arisha shaba ya gari lake mpaka anaweza kujinyolea ndevu mbele yake. Alikuwa anayajua kwa tabia. Lile lilikuwa likivuta kulia, lile likizimika ukilishtua. Letu, alisema, halipendi kukimbizwa kabla injini haijapata joto la kutosha, ukilikimbiza litakuaibisha mlimani. Lilikuwa limezima ghala la pamba wakati magari mawili mapya zaidi yalikuwa yameshashindwa. Yohana, askari kijana aliyenizidi mwaka mmoja au miwili, alimuuliza siku moja huku anatafuna, “Sasa mzee, huku limekuja kupumzika au kufa?”

“Limekuja kazini,” Mzee Msengi akasema. “Kula.”

Chakula tulipikiwa na Mama Salome. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo, na tulimlipa mwisho wa mwezi. Alipika ugali wa uwele, mlenda, dagaa, na Jumapili moja moja kuku wa kienyeji aliyemchemsha tangu asubuhi. Alikuwa akiishi kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya kinu cha kukamulia alizeti, upande wa pili wa mji, pamoja na mama yake, Bibi Maria, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi na hakuweza kutembea, na mtoto wake wa miaka minne, Salome mwenyewe. Mtoto alikuja naye kazini. Alishinda kwenye ngazi ya gari, akijaribu kuvuta kamba ya kengele, iliyokuwa imefungwa juu asiifikie.

Mvua za mwaka ule zilinyesha kidogo mwanzoni zikakata. Mtama ulikauka ukiwa wa magoti. Kufikia Agosti mabomba ya mji yalikuwa yanatoa upepo, na yale ya barabarani, ya kujazia gari letu, hayakutoa hata huo upepo. Kulikuwa na kisima kirefu cha mji chenye pampu ya dizeli, ndicho kilichojaza tangi letu mara ya mwisho, kisha pampu ile ikaharibika na kipuri kikawa kinasubiriwa. Ziwa Singidani liko pale pale, unaliona linang'aa kutoka mjini, na maji yake hayanyweki kwa chumvi. Nilimuuliza Mzee Msengi kwa nini tusijaze huko, tukayaacha haya matamu kwa watu. Alinieleza taratibu, kwa Kinyiramba, kama mtu anayemweleza mwanawe habari ya ugonjwa. Pampu ya gari ilikuwa kuukuu na vipuri vyake havitengenezwi tena duniani. Chumvi ingeila kutoka ndani. Tungezima moto mmoja, na baada ya hapo tungekuwa na gari la kupigia kengele tu.

Kwa hiyo tulikaa na tangi lililojaa maji matamu katikati ya mji wenye kiu. Sijui kama mtu ambaye hajapitia hali hiyo anaweza kuielewa. Gari lilisimama nyuma ya milango ile mipana, na kwa sababu ya uzee lilikuwa linavuja kwenye kiungo chini ya tangi. Mzee Msengi alikizungushia vipande vya mpira na sabuni, likapunguza lakini halikuacha. Ntandu aliweka beseni chini yake. Kila asubuhi tuliyarudisha yale maji juu kwa faneli, na wakati wa kuyarudisha nilikuwa naona koo za wanaume zikipanda na kushuka. Sisi wenyewe tulipimiwa ndoo moja kila mmoja kwa siku kadhaa, kutoka kwa mtu mwenye punda aliyeyatoa mbali, maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Wanawake walianza kuja getini mwezi wa tisa. Mwanzoni walikuwa wachache, wanasalimia, wanasimama kidogo, wanaondoka. Baadaye walikuja na madumu, wakakaa chini kwenye kivuli cha ukuta tangu asubuhi. Ntandu aliwatokea kila siku mwenyewe. Hakumtuma mtu.

“Afande, hata dumu moja tugawane.”

“Mama, moto ukitokea leo nitauzima na nini?”

“Moto wenyewe uko wapi?”

“Haujaja bado.”

“Sisi kiu imeshakuja,” yule mama akasema, na hakusema kwa ukali. Ntandu alibaki amesimama pale, mikono nyuma, mpaka wakaondoka wao. Siku hiyo hakula. Mama Salome alimfunikia sahani, jioni akaifunua, akaipa mbwa wa jirani. Mimi nilikuwa upande wa wale wanawake, na nilimwambia. Nilikuwa mtoto wa juzi kazini, lakini nilimwambia kwamba tunalinda maji ya moto usiokuwepo dhidi ya watu waliopo. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, “Hawa, siku utakayosimama na mpira mkononi mbele ya nyumba ya mtu, hutatamani maji yaliyoko tumboni mwa mtu mwingine?” Sikubadili mawazo.

Alichofanya, siku chache baadaye, ni kuwapa maji ya beseni. Yalijaa kama dumu moja dogo kwa usiku mzima, na wanawake walipangiana zamu. Nikiwa stoo nilimsikia Mzee Msengi akimwambia nyuma ya mbao, “Ukitoa beseni umetoa tangi.”

“Najua, mzee.”

“Kule jijini hata mkuu wa kikosi hakuthubutu kugusa maji ya gari.”

“Kule jijini moto ukitokea, nyuma yako kuna magari mengine yanakuja,” Ntandu akasema. “Na bomba liko barabarani. Hapa tuko sisi.” Nilisikia mmoja wao akiburuta mguu wa kiti sakafuni.

Mwezi wa kumi ugonjwa wa kuhara uliingia kwenye vile vyumba nyuma ya kinu. Mama Salome hakuja kupika siku ya kwanza, wala ya pili. Aliyekuja ni nesi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye baiskeli, amevaa gauni jeupe lililogeuka rangi ya udongo kwa kukosa kufuliwa. Hakukaa. Alimwambia Ntandu kwamba ana sukari na ana chumvi, na ana watoto waliolala sakafuni hawana kitu ndani, na hana maji ya kuchanganyia. Maji ya punda yalikuwa ndiyo yanayowaua. “Mimi sijaja kuomba ya kuogea, afande. Nimekuja kwa sababu nyie ndio mnayo.” Ntandu akachukua kofia yake, akaniambia nimfuate.

Nilivyoiona safu ile ya vyumba mchana ule ndivyo ninavyoiona mpaka leo: milango imeachwa wazi kwa ajili ya hewa, vitambaa vimetundikwa badala ya pazia, harufu, na upande wa pili wa ukuta kinu kinanguruma, kwa sababu alizeti ya mwaka uliotangulia ilikuwa bado inakamuliwa na wenye kinu walikuwa na maji yao ya kununua. Salome alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia ndani, mdomo umepasuka. Bibi Maria alikuwa amekaa nyuma yake, ameegemea ukuta, miguu imenyooshwa mbele kama si yake, anamdondoshea mtoto chai ya rangi kwa kijiko. Alimwona Ntandu mlangoni, akamkaribisha. Akaomba radhi kwamba hana cha kumpa mgeni. Ntandu alimsalimia shikamoo kwa heshima yote, akasimama muda mrefu kuliko inavyostahili kwa mtu aliyekuja kuangalia mgonjwa, kisha akageuka, tukarudi kituoni tukitembea kwa kasi.

Alimwamuru Mzee Msengi aliendeshe gari mpaka zahanati. Mzee aliliendesha, kwa sababu amri ni amri, lakini tulipofika alibaki ameshika usukani na akasema kwamba koki hataifungua. Ntandu akaifungua mwenyewe. Maji yalitoka safi, meupe, yenye kishindo, na watu waliokuwa wamesimama hawakupiga kelele hata kidogo. Nilisikia mtu mmoja tu akishusha pumzi. Tulijaza mapipa ya zahanati, kisha ndoo za wale wenye wagonjwa, mmoja mmoja, mimi nikiwa nimeshika mpira. Mzee Msengi alikuwa akipima tangi kwa kijiti. Kijiti kilipoonyesha robo Ntandu alifunga, ingawa foleni ilikuwa bado ndefu, na waliobaki wakaondoka bila kitu. Kesho yake alikwenda ofisini kwa wakubwa, akaeleza alichokifanya, akaomba tangi lijazwe kwa njia yoyote. Akaambiwa asubiri. Baadhi ya wale watoto walikufa hata hivyo. Salome alipona. Wiki iliyofuata alikuwa amerudi kwenye ngazi ya gari, amekonda shingo, na mama yake amerudi jikoni.

Moto uliwaka mchana wa jua kali, Mama Salome akiwa anatupakulia. Mtu wa baiskeli aliingia getini akaanguka nayo, akasema kinu kinaungua. Tulikimbilia gari. Yohana alizungusha hendeli mara nyingi kabla injini haijashika, na wakati ule wote Mama Salome alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anatazama juu ya paa, upande ule, ambako moshi mweusi wa mafuta ulikuwa umeshapanda. Alimkalisha mtoto chini, akaniambia, “Mama yuko ndani peke yake,” akapanda kibao cha nyuma pamoja nasi. Nilivuta kamba ya kengele njia nzima. Kilima cha kuelekea kule ni kidogo, mtoto anakipanda akikimbia, lakini injini haikuwa imepata joto, na katikati ya kilima gari likaanza kukohoa na kupungua mwendo, likapungua, mpaka watu waliokuwa wakikimbia kwenda motoni wakawa wanatupita. Walitupita wakitutazama. Mzee Msengi alikuwa amelala juu ya usukani anaongea nalo, namwona midomo inacheza. Halikuzima. Lakini lilifika kwa mwendo wa ng'ombe.

Magunia ya alizeti na marundo ya mashudu yalikuwa yamewaka, mafuta yalikuwa yanatiririka chini yakiwa na moto juu yake, na upepo ule wa Singida ulikuwa unausukuma moto wote kwenye mapaa ya vyumba. Mimi na Yohana tulishika mpira. Kwa muda mfupi tulikuwa na maji ya kweli. Niliuona moto ukirudi nyuma kutoka kwenye mlango wa kwanza, wa pili, nikaanza kuamini. Kisha mpira ukakohoa mikononi mwangu, ukatema hewa, ukatema maji, ukatema hewa tena, ukalegea. Nimeshika mipira mingi baada ya pale, kwa miaka mingi, na huwa bado nasikiliza kikohozi kile. “Wamekuja bila maji!” mtu akasema nyuma yangu, na neno likapita kwenye umati. Siku hizi watu wakifanya mzaha kwamba zimamoto huja bila maji, vijana wa kazi hii ninaowafahamu hucheka nao ili yaishe. Mimi huondoka hapo nilipokaa.

Jiwe la kwanza lilivunja taa ya gari. La pili lilimpata Yohana begani. Hapo hapo, katika umati ule ule, niliwaona wanawake wawili watatu wa lile geti wakija mbio na ndoo zao kutoka nyumbani, maji waliyokuwa wamejiwekea, wakayatupa kwenye moto, na maji yakawa mvuke kabla hayajagusa kitu. Mzee Msengi alishuka akamwendea Ntandu. Nilikuwa karibu, nilisikia.

“Naenda ziwani.”

“Pampu itakufa, mzee.”

“Ife.”

Akageuza gari. Watu walidhani tunakimbia, wakalipiga mawe mpaka lilipopotea, naye hakuinamisha kichwa. Ntandu alikuwa amelowesha gunia kwenye tope lililobaki miguuni petu, akajifunika, akaingia kwenye safu. Mama Salome alitaka kumfuata, nikamshika kiunoni. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Tulianguka wote wawili, na nikamshikilia pale chini, mwiko bado uko mkononi mwake, ananipiga nao mgongoni. Ntandu alitoka na Bibi Maria mgongoni, amembeba kama mtoto anavyobebwa, mikono yake iliyoishika miguu ya bibi imeungua mpaka ngozi imeachia. Tulimlaza bibi chini ya ukuta wa jirani. Alikuwa anapumua. Alimtambua binti yake, akamwomba maji.

Hayakuwepo. Yohana alikimbia nyumba hadi nyumba, na alipopata kikombe bibi alikuwa ameshakata roho.

Gari lilirudi na maji ya chumvi, matope mpaka kwenye milango, na kwa maji hayo tuliokoa nusu ya safu iliyobaki na kuzuia moto usiruke barabara. Hakuna aliyetushukuru na hatukutazamia. Baada ya wiki mbili pampu ilikuwa haizunguki. Mzee Msengi aliifungua yote, akaitandaza kwenye gunia uani, akaitazama, akaifunga tena, na Jumamosi yake akang'arisha kengele kama kawaida. Yohana aliacha sare yake imekunjwa vizuri kitandani, akapanda basi la kwenda kwao. Ntandu aliitwa na wakubwa. Waliuliza nani alifungua koki, akasema ni yeye. Waliuliza kwa amri ya nani, akasema hakuna. Yule nesi alikuja na baiskeli yake kumsemea, akakaa kwenye benchi nje ya mlango mpaka kikao kikaisha, hakuitwa ndani. Ntandu aliachishwa kazi.

Katika siku zile alizokuwa akisubiri barua, mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji, hawezi kushika kitu. Tulikuwa hatujui kama Mama Salome atarudi. Alirudi mchana mmoja, amevaa nguo za msiba, akawasha mkaa, akasonga ugali. Mimi nilikuwa stoo. Niliwasikia kupitia mbao, na baada ya kusikia nikachungulia, na sijutii. Alikuwa amekaa kwenye stuli mbele ya Ntandu, anamega tonge, analibonyeza, analichovya kwenye mlenda, anampelekea mdomoni. Ntandu alikuwa amegeuza uso.

“Mama Salome, usinihudumie wewe. Hawa yupo.”

“Kula, afande.”

“Mama yako aliomba maji.”

“Nilikuwepo,” akasema. “Salome yuko hapo nje anacheza. Mama yuko kaburini. Nikianza kupiga hiyo hesabu nitapata wazimu, na nina mtoto wa kulea. Wewe fungua mdomo.” Alifungua mdomo. Alitafuna machozi yakimshuka, hawezi kuyafuta kwa sababu ya bandeji, na Mama Salome hakumfutia pia. Aliendelea kumega matonge mpaka sahani ikaisha, akaiosha kwa maji kidogo, akarudi jikoni.

Kisima kilitengenezwa mwishoni mwa Novemba, kwa siku kadhaa tu kabla hakijaharibika tena, na jambo la kwanza walilofanya ni kujaza tangi letu, hata kama pampu haifanyi kazi; iliamriwa lijazwe, likajazwa. Mvua ilikuwa bado haijanyesha. Ntandu aliondoka wiki hiyo. Mkuu mpya alikuwa hajafika, na Mzee Msengi alikuwa amekwenda kutafuta vipuri ambavyo alijua havipo, kwa hiyo kituoni tulikuwa wawili, mimi na Ntandu, yeye amevaa shati la kiraia ambalo sikuwahi kuliona, kifungo cha shingo kimefungwa. Nilimbebea begi mpaka mlangoni. Nilimuuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ya moto: kama angejua, angefungua?

Alifikiri. “Nikilala ubavu huu naona ningefungua,” akasema. “Nikigeukia ule naona nisingefungua. Basi silali.” Kisha akanitazama. “Wewe uliniambia nifungue, tena mapema. Usije ukaibeba hiyo. Mkono ulikuwa wangu.”

Akachukua begi kwa vidole vilivyokuwa bado havijakunjika sawasawa, akatoka. Wanawake walikuwa wamekaa pale kwenye kivuli cha ukuta na madumu yao, na alipita katikati yao, na hakuna aliyemtambua bila sare. Mmoja alivuta miguu ili apate nafasi ya kupita. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya kwenda stendi.

Nilipogeuka kufunga milango, mama mmoja alikuwa ameshasimama mbele yangu. Alikuwa na mtoto mgongoni na dumu mkononi. Aliangalia gari nyuma yangu, kiungo kile kinadondosha tone moja moja kwenye beseni, akaniangalia mimi. Mimi nilikuwa na funguo za kituo mfukoni. Niliingia stoo. Kwenye kona, chini ya mipira, nilikuwa na ndoo yangu ya siku zile, niliyokuwa nimeiweka ya kuoga. Nikaibeba, nikaja nayo mlangoni, nikammiminia kwenye dumu lake polepole isimwagike, naye akaliinamisha dumu kunisaidia. Ilipokwisha akafunga kifuniko, akakibana kwa kiganja.

“Na kesho, dada?” akauliza.

Nilisimama na ndoo tupu mkononi. Wengine walikuwa wameshaanza kuinuka pale ukutani.